Nilivyoachana na krimu ya mitishamba

Krimu iliyoniharibu ngozi ilikuwa na picha ya jani la mshubiri kwenye kifuniko. Naanza na hilo kwa sababu kila ninaposimulia habari hii, wanaonisikiliza hukimbilia kudhani kwamba nilikuwa najichubua. Sikuwa najichubua. Nilikuwa natafuta dawa ya mwasho, na nilichouziwa kiliitwa cha mitishamba, kisicho na kemikali, kilichotengenezwa kwa majani, asali na nta ya nyuki. Anayenunua mkorogo angalau anajua alichokifuata.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, upande wa Ngamiani. Nina pumu ya ngozi tangu utotoni, wengine huiita ukurutu: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, na zaidi shingoni. Msimu wa kaskazi, jasho likichuruzika, shingo huwaka moto. Kipupwe kikiingia ngozi hukauka, hupauka na kupasuka, na usiku najikuna usingizini mpaka naamka na damu kwenye kucha. Mwenye ugonjwa huu hahitaji kuelezwa zaidi, na asiye nao haelewi hata ukimweleza.

Kwa miaka mingi nilipaka losheni ya chupa kubwa yenye harufu ya maua, ile isiyokosekana katika duka lolote la mtaani, kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu na ndiyo mama aliyotupaka sote. Hakuna aliyetuambia nyumbani kwamba manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kuchokoza ngozi ya namna yangu. Tuliamini kinachonukia kinasafisha. Basi nikawa napaka, nawashwa, naosha, napaka tena.

Aliyeniletea krimu ni mama mmoja aliyekuwa akipita mitaani na beseni la vipodozi. Aliiona shingo yangu nikiwa nimeinama kwenye cherehani. "Pole, mwanangu," akaniambia. "Paka hii siku tatu tu, halafu uje uniambie. Haina kemikali hata chembe." Shilingi elfu tano, kopo dogo la plastiki. Siku ya tatu sikuwa na la kumwambia ila ahsante. Mwasho ulikwisha kabisa, ngozi ililainika, na kwa kuwa nilikuwa nikijipaka mpaka usoni, sura nayo iling'aa. Wateja wakaanza kuniuliza natumia nini. Shoga zangu wakasema ndoa imenikubali.

Ilichukua muda kabla mambo hayajageuka, na hayakugeuka wakati ninapaka. Yaligeuka yule mama aliposafiri na kopo likaisha. Uso ulivimba na kuwa mwekundu, ukawaka kama uliopakwa pilipili. Vipele vikaota kuzunguka mdomo. Ndani ya viwiko, ngozi ilikuwa nyembamba kiasi cha kuonyesha vimishipa, na palikuwa na michirizi kama ile inayobaki tumboni baada ya uzazi. Nikamtafuta muuzaji kwa udi na uvumba ili ninunue kopo jingine. Hapo ndipo dada yangu aliponishika mkono akanipeleka kliniki ya ngozi.

Daktari alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia kwanza, kisha akaniagiza nirudi na kopo. Nilipolileta alilizungusha, akalinusa, akasema: "Mama, hili halina jina la kiwanda, halina tarehe, halina orodha ya vilivyomo. Siwezi kukuapia kilichomo bila maabara. Lakini ngozi yako imeshasema." Kisha akanieleza habari ya steroidi, na nitaieleza hapa kwa kirefu kwa sababu laiti ningeisikia mapema, ningeokoa fedha nyingi na machozi.

Steroidi za kupaka ni dawa halali. Hospitalini hutumika kila siku, na kwa ugonjwa kama wangu ndizo dawa za kwanza pale ngozi inapochachamaa. Hutuliza uvimbe na mwasho haraka. Lakini zina madaraja. Iliyo dhaifu, kama haidrokotizoni, inaweza kupakwa hata usoni kwa muda mfupi kwa maelekezo. Iliyo kali kabisa, ambayo kwenye boksi huandikwa Clobetasol, ni ya muda mfupi, hupakwa mahali penye ngozi nene, na haipelekwi usoni bila daktari kusema. Ukiipaka kwa miezi ngozi huwa nyembamba, hupata michirizi, na weusi wake hufifia, maana dawa hiyo hubana mishipa ya damu na kudhoofisha chembe zinazotengeneza rangi. Ukiiacha ghafla, uvimbe wote uliokuwa umezuiwa hurudi kwa kishindo. Kwa hiyo mtu yeyote anayetaka kuuza "dawa ya asili" inayofanya kazi kwa siku tatu hana haja ya kujua mti wala shamba. Atachanganya bomba moja la steroidi na chochote alicho nacho, hata uji, na wateja watarudi. Tena watarudi mbio, kwa sababu wakiacha wanaungua.

Sikuambiwa niache siku hiyohiyo. Nilipewa dawa dhaifu zaidi na ratiba ya kupunguza kidogo kidogo. Yalikuwa majuma mabaya, nayapita haraka. Nilishonea ndani, nikakutana na wateja nikiwa nimejifunika kwa ushungi.

Kilichonishangaza ni cheti alichoniandikia. Nilitegemea dawa ya kigeni yenye jina refu. Aliandika: mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yapakwe mwili ukiwa bado na unyevunyevu baada ya kuoga, sabuni itumike kwapani, miguuni na palipo na uchafu tu, kwingine maji yanatosha, maji yasiwe ya moto, basi. Nikamwambia, "Daktari, haya si yanatokana na petroli? Mimi nataka kitu cha asili." Akacheka. Akasema mafuta ya mgando yaliyosafishwa vizuri hayafanyi kitu chochote kwenye ngozi ila kuzuia maji yasitoke, na hicho ndicho ngozi yangu ilichokosa. Hayaozi, hayanukii, na kopo lake ni bei ya soda chache. "Ukipata cha asili kinachofanya hivyo kwa bei hiyo," akasema, "nami niletee."

Nililichukua hilo kama agizo. Nikaanza kutafuta.

Kabla sijasema nilichopata, niseme machache kuhusu vitu vinavyowekwa kwenye makopo yasiyo na maandishi, kwa kuwa steroidi haiko peke yake. Kuna haidrokwinoni, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi. Ikitumika muda mrefu, hasa na jua letu hili, inaweza kuleta madoa ya buluu na meusi kwenye mashavu ambayo hayaondoki. Ndiyo yale unayoyaona kwa kina mama waliojichubua zamani, ambao sasa ni weusi palepale walipotaka weupe. Afrika Kusini, ambako madaktari waliyaandika madoa hayo tangu miaka ya 1970, iliondoa haidrokwinoni kwenye vipodozi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Halafu kuna zebaki. Hii hupenya ngozi na kuingia damuni, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walipata sumu ya zebaki iliyotoka kiwandani, ulianza kufanya kazi mwaka 2017, na nchi wanachama mwaka 2023 zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025. Hapa Tanzania Bara kazi ya kusajili na kukagua vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Lakini mkaguzi hawezi kukaa kwenye kila kona ya mtaa. Dalili moja niliyofundishwa ni hii: krimu ikikuonya usiipake ukiwa umevaa pete au mkufu wa dhahabu au fedha, irudishe. Zebaki hushikana na madini hayo, ndiyo maana mtengenezaji anaogopa vito vyako kuliko anavyoiogopa ngozi yako.

Sasa utafutaji. Nilianzia madukani, kwenye rafu za vitu vya asili, na huko nilitoka haraka. Chupa ndogo ya kioo ya mafuta ya mbegu za ubuyu, yenye lebo nzuri ya Kizungu, ilikuwa na bei ya kushona gauni zima na bitana yake. Mbuyu uliotoa mbegu hizo pengine ulikuwa Dodoma. Mafuta ya argani yametoka Moroko kwa ndege, na bei yake imelipa nauli hiyo. Sisemi ni mabaya. Nasema fundi wa Ngamiani hawezi kujipaka mwili mzima kwa mafuta yanayopimwa kwa matone, na pumu ya ngozi inataka mwili mzima, mara mbili kwa siku, mwaka mzima. Dawa ya ngozi usiyoweza kuimudu utaipaka kwa ubahili, na ukiipaka kwa ubahili haikusaidii.

Nikaenda Pangani kwa shangazi yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Uso umefanyaje?"

Nikamweleza. Hakunipa pole nyingi. Aliinuka akaenda kutafuta nazi. Alisema mama yangu naye alilelewa kwa uto wa nazi, akauacha alipohamia mjini kwa kuwa mjini waliucheka kwamba unanuka kishamba.

Kazi yenyewe naieleza kama nilivyoiona, maana wengi siku hizi hununua chupa tu. Nazi ziwe zimekomaa, kavu, ukizitikisa maji yanasikika kidogo. Unazikuna kwenye mbuzi, unamimina maji ya vuguvugu, unakamua tui zito kwa kifumbu. Shangazi hachanganyi tui la kwanza na la pili. La pili linakwenda kwenye mchuzi. Tui zito linaachwa usiku kucha ndani ya chombo kipana kilichofunikwa. Asubuhi sehemu nzito imepanda juu na maji yamebaki chini. Unaengua ile ya juu na kuipika kwa moto mdogo, ukikoroga polepole, mpaka maji yote yakauke, chembe zigeuke rangi ya dhahabu na mafuta yatengane, meupe yenye kung'aa. Hapo unaepua. Ukichelewa, chembe zinaungua na mafuta yananuka moshi. Yakipoa unayachuja kwa kitambaa safi, unatia kwenye chupa iliyokauka kabisa. Kauka kabisa: tone la maji ndani ya chupa ndilo linaloanza kuyavundisha. Nazi kati ya kumi na kumi na tano hutoa lita moja hivi, ikitegemea ukubwa. Bei ya nazi imepanda miaka hii, minazi mingi ya pwani ni mizee na mingine imekufa kwa ugonjwa, lakini bado lita ile ilinigharimu chini ya makopo matatu ya yule mama wa beseni, na ilidumu zaidi.

Niliporudi kliniki nilimpelekea daktari kichupa. Hakushangaa. Alisema mafuta ya nazi yamepimwa kwa ugonjwa huu huu: huko Ufilipino, nchi ya minazi, watafiti walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwapaka watoto wenye pumu ya ngozi. Waliopakwa mafuta safi ya nazi walipata nafuu kubwa kuliko waliopakwa mafuta ya madini. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo pia hupunguza vijidudu vinavyopenda kuzaliana kwenye ngozi iliyopasuka. Akanitahadharisha mambo mawili. Kwanza, kwa watu wengine mafuta ya nazi huziba vitundu vya uso na kuleta chunusi. Pili, yasichukue nafasi ya dawa pale ugonjwa unapochachamaa. La kwanza lilinipata: mwilini nazi ilinifaa, usoni ikaniletea vipele paji lote.

Kwa uso wangu jibu lilitoka jikoni, tena kwa bei ndogo kuliko zote. Mama mkwe alikuwa ameniletea mafuta ya zeituni, kwa mapenzi na kwa imani, na nisingethubutu kuyakataa. Lakini utafiti uliofanyika Uingereza, uliochapishwa 2013, uliyalinganisha mafuta ya zeituni na ya alizeti kwenye ngozi za watu wazima. Ya zeituni yalionekana kudhoofisha tabaka la juu la ngozi, ya alizeti hayakulidhuru. Sababu ni aina ya mafuta yaliyomo: alizeti ina asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huitumia kujijenga. Huko Bangladeshi walishawapaka mafuta ya alizeti watoto njiti wodini, na maambukizi yakapungua. Basi ninayo chupa ndogo ya alizeti ya Singida, iliyochujwa vizuri, isiyo na harufu. Matone machache usoni usiku baada ya kunawa. Zeituni ya mama mkwe naila na mkate, na thawabu ipo palepale.

Mwaka uliofuata mtoto wa binamu yangu aliolewa Unguja, na wiki ya harusi ile ilinifunza mengi kuliko duka lolote. Bibi harusi alisingwa kwa singo ya kusaga nyumbani: liwa lililosuguliwa juu ya jiwe kwa marashi ya waridi, karafuu kidogo, asumini iliyokaushwa. Mimi niliomba radhi kwa somo wake, yaani kungwi wake, nikamwambia ngozi yangu haipatani na manukato hata yale yanayotoka mtini. Alielewa mara moja. Alisema yeye hujaribu singo mkononi mwa mwari siku moja kabla, nyuma ya kiwiko, kwa kuwa karafuu humvimbisha mmoja katika wengi. Ningependa kina mama wote wa saluni wawe na busara ya somo yule.

Kwenye hina mambo hayakwenda hivyo. Hina ya majani huanza na rangi ya chungwa na hukolea taratibu hadi siku ya pili. Wasichana wa leo hawana subira hiyo, wanataka piko nyeusi tii, na piko nyingi ya kisasa ni unga wa kupaka nywele rangi uliokorogwa na maji. Binti mmoja wa msafara alivimba mkono kwa kufuata mstari wa ua lote alilochorwa, malengelenge yakajipanga petali kwa petali. Kitu kilichomo kwenye rangi hiyo huitwa parafenilenidiamini, na mwili ukishaikataa mara moja utaikataa maisha, hata kwenye rangi ya nywele. Piko inauzwa kama mapambo ya asili ya pwani.

Kutoka mjini tulipanda daladala hadi kijiji cha Paje, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanaokifanya wengi ni wanawake. Mwani mkavu huuzwa kwa bei ndogo sana na kusafirishwa nje, ambako hutolewa karajinani, kitu kinachogandisha dawa za meno, maziwa na losheni. Inawezekana kabisa losheni yangu ya zamani ilikuwa na mwani wa Paje ndani yake, ukarudi kwetu kwa bei mara nyingi zaidi. Ndiyo maana nilifurahi kuona wanawake wanausaga wenyewe na kutia kwenye sabuni ya mafuta ya nazi. Madukani mwa watalii mche mmoja ulikuwa ghali, lakini wanaotengeneza kwa vikundi waliniuzia vipande vilivyokatika kwa bei ya kuelewana. Niliuliza swali moja: sabuni hii imekaa muda gani? Kwa maana sabuni yoyote, hata iwe na mwani na asali, hutengenezwa kwa kostiki, na kostiki inahitaji muda kumalizana na mafuta. Sabuni inayoachwa majuma manne au zaidi huwa ngumu na pole. Sabuni ya juzi inaweza kuunguza. Mama aliyenijibu kwa tarehe ndiye niliyenunua kwake.

Sabuni hiyo nimeipenda, lakini sitasema mwani umeniponya, kwa sababu sina ushahidi huo. Iliyonisaidia ni sabuni isiyo na manukato makali, inayotumika kidogo.

Nimekutana na wengi ambao, wakishasikia kisa changu, huniletea mapishi yao ya asili. Ndimu usoni ili kuondoa madoa: ndimu ni asidi kali, na ukitoka juani nayo ngozi inaweza kuungua na kubaki na alama nyeusi zaidi ya ile uliyotaka kuitoa. Mafuta ya karafuu ya Pemba, ambayo sehemu kubwa ni eujinoli, yapakwe bila kuchanganywa: hayo huunguza. Magadi ya kusugulia uso: ngozi yetu ina asili ya uchachu kidogo, magadi ni kinyume chake. Utomvu wa mshubiri uliopondwa na kuwekwa kwenye chupa mwezi mzima: kitu chochote chenye maji kisichotiwa kihifadhi huota vijidudu, hata kama hujaviona. Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wenzangu wa vitu vya asili. Wao wanaogopa kihifadhi, mimi naogopa krimu ya maji isiyo nacho. Mafuta matupu hayahitaji kihifadhi, ndiyo sababu mojawapo ya kuyachagua. Ukitaka mshubiri, kata jani, paka, tupa linalobaki.

Wala si kila kilichotoka maabara ni adui. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, pamekuwa pakitengenezwa krimu ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua huwaletea saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Imetengenezwa hapa Tanzania, imepimwa, inajulikana kilichomo. Mtu akiniambia atampaka mtoto wake mwenye ualbino mafuta ya nazi peke yake kwa sababu ni ya asili, nitamshika mkono nimzuie.

Hali yangu leo ni hii. Natumia mafuta ya mgando kipupwe na mafuta ya nazi kaskazi, alizeti usoni, kipande cha sabuni ya mwani au sabuni yoyote isiyo na harufu. Vitambaa vipya navifua kabla ya kuvishona. Kwa mwezi vyote pamoja havifiki bei ya kopo lile dogo na ile losheni ya zamani. Pumu ya ngozi haijaondoka na daktari hakuniahidi itaondoka. Huchachamaa mara moja moja, nami huenda kuchukua dawa niliyoandikiwa, napaka siku nilizoambiwa, naacha. Uso umetulia na rangi yangu imerudi, nyeusi ya kwetu. Michirizi ya viwikoni imebaki. Kama nawe unapaka krimu usiyoijua kwa muda mrefu, usiiache ghafla nyumbani peke yako. Nenda kliniki nayo mkononi.

Na kwenu mnaotengeneza mafuta na sabuni majumbani, Pangani, Paje, Pemba hadi Mombasa, nina ombi. Bandikeni karatasi kwenye chupa. Andikeni vilivyomo vyote, pamoja na kostiki, msione haya. Andikeni tarehe na namba ya simu. Kwa mlio Tanzania Bara, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi mikoani na huwasaidia wajasiriamali wadogo kufika TBS. Mkifanya hivyo hamtawekwa kapu moja na wale wanaouza steroidi kwa picha ya jani. Nitanunua kwenu kabla ya kuingia duka lolote, lakini kisichoandikwa kilichomo sikinunui tena.